Dawa zinapokutana tumboni, nani anazijua zote?



Ndugu msomaji, leo katika safu yetu ya afya na usafi tuzungumzie jambo linalotokea karibu katika kila nyumba, lakini mitaani halina jina. Wataalamu wanaliita mwingiliano wa dawa. Dawa mbili zinapokutana ndani ya mwili wa mtu mmoja, au dawa inapokutana na chakula, au na mti shamba, moja inaweza kuiongezea nyingine nguvu mpaka ikawa sumu, au kuipunguzia nguvu mpaka ikawa kama umemeza chaki. Mgonjwa hajui. Atasema dawa za siku hizi ni feki, au atasema amerogwa, kumbe kila kidonge kilikuwa kizima na ubaya umeingia pale vilipokutana.

Huku kwetu Kaniha, kati ya Biharamulo na Ngara, jambo hili lina uzito wake. Tuseme yupo mzee ana kadi ya kliniki ya presha Biharamulo. Mwaka jana alipelekwa Murgwanza kwa ajili ya mguu, akarudi na dawa za huko. Mgongo ukimuuma baada ya palizi ananunua vidonge duka la dawa muhimu. Jirani kampa sipro zilizobaki baada ya kuugua tumbo. Siku ya gulio akanunua chupa ya mizizi kwa yule mwenye kipaza sauti. Na kama ana ndugu ng'ambo ya mpaka, Burundi, huenda analetewa dawa yenye maandishi ya Kifaransa ambayo hakuna mtu nyumbani anayeweza kuyasoma.

Kila mmoja katika hao ametoa chake kwa nia njema, na hakuna hata mmoja aliyeona vya wenzake. Anayejua vyote ni mgonjwa mwenyewe, au mama wa nyumba anayevihifadhi kwenye kopo juu ya kabati. Kwa hiyo makala haya nimeyaandika kwa ajili ya mwenye kopo.

Mseto wenyewe si kosa

Kwanza niondoe hofu. Si kila mchanganyiko ni mbaya. Dawa ya malaria tunayoiita Dawa Mseto, iliyoanza kutumika Tanzania Bara mwishoni mwa mwaka 2006 baada ya SP kuchoka (nayo SP iliingia mwaka 2001 baada ya klorokwini kuchoka), ni dawa mbili ndani ya kidonge kimoja. Artemeta inavishambulia vimelea kwa haraka na kuondoka mwilini ndani ya saa chache. Lumefantrini inabaki siku kadhaa ikimalizia vilivyosalia. Mgonjwa wa kifua kikuu anameza dawa nne pamoja kwa miezi miwili ya mwanzo. Mtoto anayeharisha anapewa maji ya ORS na vidonge vya zinki. Michanganyiko hiyo imepimwa, na kipimo cha kila dawa kimewekwa kwa kuijua mwenzake. Ninachokizungumzia hapa ni mseto unaojipika wenyewe nyumbani bila mpishi.

Maziwa: rafiki wa hii, adui wa ile

Sisi tunaishi penye ng'ombe, na desturi yetu ni kwamba mgonjwa hupewa maziwa. Mara nyingi ni jambo jema. Kwa Dawa Mseto ni jema sana, kwa sababu lumefantrini haiingii vizuri kwenye damu bila mafuta. Mtu akiimeza kwa maji matupu na tumbo halina kitu, sehemu kubwa ya dawa hupita na kutoka chooni. Kikombe cha maziwa, karanga, parachichi, au chakula chochote chenye mafuta kidogo kinatosha. Wengi wanaosema "nimemaliza dozi lakini malaria imerudi" walimeza vidonge vyote, ila walivimeza wakiwa hawana hamu ya kula na hakuna aliyewaambia habari ya maziwa.

Sasa chukua maziwa hayo hayo umpe mtu anayemeza sipro au tetrasaiklini. Madini ya kalsiamu yaliyomo kwenye maziwa na mtindi yanashikana na dawa ndani ya utumbo, vinakuwa kitu kimoja ambacho mwili hauwezi kukifyonza. Dawa iliyotakiwa kwenda kuua vijidudu vya homa ya tumbo inabaki utumboni. Doksi nayo huathirika, ingawa kwa kiasi kidogo zaidi. Yanayofanana na maziwa katika hili ni vidonge vya kutafuna vya kiungulia vyenye magnesiamu au alumini, vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma, na zinki. Sipro imezwe saa mbili kabla ya vitu hivyo, au saa sita baada yake.

Wajawazito wana la kwao. Vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa kliniki havipatani na chai wala kahawa, kwa kuwa chai hushika madini ya chuma na kuyazuia yasiingie mwilini. Dada yangu, ukimeza kidonge hicho asubuhi na kikombe cha chai ya rangi iliyokolea, sehemu nzuri ya kidonge umeipoteza. Kimeze kwa maji, au kwa maji ya limau au chungwa, na chai iachwe kwa saa moja au mbili.

Lipo jingine la wajawazito ambalo halijulikani sana. Kliniki wanapewa SP kwa ajili ya kuzuia malaria. SP inafanya kazi kwa kumnyima mdudu wa malaria foliki, vitamini ambayo hawezi kuishi bila kuitengeneza. Utafiti uliofanyika magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba wajawazito wenye malaria waliopewa SP pamoja na foliki ya miligramu 5 kila siku walishindwa kupona mara nyingi zaidi kuliko waliopewa foliki kidogo ya miligramu 0.4. Foliki iliyomo kwenye vidonge vya kliniki ni hiyo ndogo, haina shida. Shida huja pale mama anapojiongezea vile vidonge vidogo vya miligramu 5 kutoka dukani akidhani anaongeza damu. Mwenye ugonjwa wa selimundu aliyeandikiwa foliki kubwa na daktari asiiache, bali aseme kliniki ya wajawazito kwamba anaimeza. Na mjamzito anayetumia Septrini kila siku haongezewi SP. Zote mbili zina salfa, na kuzichanganya kunaweza kumletea madhara makali ya ngozi na damu.

Ini na mashine ya kukoboa kahawa

Ukitaka kuelewa mwingiliano mwingine, fikiria mashine ya kukoboa kahawa. Dawa nyingi zikishaingia kwenye damu hupelekwa kwenye ini, ambalo linazikoboa na kuzitayarisha zitoke nje ya mwili. Kipimo unachopewa hospitali kimehesabiwa kwa mashine inayokwenda kwa mwendo wake wa kawaida. Lakini zipo dawa zinazoliongezea ini mashine, na zipo zinazoziba mdomo wa mashine.

Inayojulikana zaidi kwa kuongeza mashine ni rifampisini, ile ya kifua kikuu inayofanya mkojo kuwa wa rangi ya machungwa. Mtu akiitumia kwa wiki moja au mbili, ini lake linakoboa dawa nyingine kwa kasi kubwa, na hizo nyingine zinaisha mwilini kabla ya wakati wake. Hali hiyo huendelea kwa wiki kadhaa hata baada ya dozi ya kifua kikuu kumalizika.

Katika mkoa wetu jambo hili si la kitabuni. Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliporipotiwa mwaka 1983, na kifua kikuu kimekuwa kikitembea pamoja na virusi hivyo tangu hapo. Leo watu wengi wanaotumia ARV wanameza kidonge chenye dolutegraviri, dawa nzuri ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2019 iwe chaguo la kwanza. Mtu huyo akipata kifua kikuu na kuanza rifampisini, dolutegraviri ya mara moja kwa siku haimtoshi. Anatakiwa aongezewe kidonge cha pili cha miligramu 50, saa kumi na mbili baada ya kile cha kwanza. Hospitali inalijua hili na inatoa kidonge hicho, kwa sharti moja tu, kwamba kliniki ya ARV iambiwe habari ya kifua kikuu, na kliniki ya kifua kikuu iambiwe habari ya ARV. Mtu anayeficha upande mmoja kwa aibu anajidhuru. Nasema bila kumlaumu, kwa sababu vijiji vyetu ni vidogo na maneno yanasafiri. Lakini chumba cha daktari kina amana yake, na siri ya mgonjwa ni amana.

Mgonjwa huyohuyo akiwa na kisukari na anatumia metformini, ipo habari nyingine. Dolutegraviri inaizuia metformini isitoke mwilini kwa wepesi, hivyo inajazana. Kwa kawaida haitakiwi kuzidi miligramu 1,000 kwa siku. Kama ulikuwa na zaidi ya hapo kabla ya kuanza ARV, uliza.

Akina mama waliokubaliana na waume zao kuacha nafasi kati ya mtoto na mtoto nao walisikie hili. Rifampisini hupunguza nguvu ya vidonge vya majira na ya vipandikizi vinavyowekwa mkononi. Vivyo hivyo efavirenzi, ARV iliyokuwa ndani ya kidonge cha watu wengi kabla ya dolutegraviri kuingia. Kampala, watafiti waliwafuatilia wanawake 20 waliokuwa na vipandikizi na huku wakitumia efavirenzi, na watatu kati yao walishika mimba kabla mwaka haujaisha. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2016. Mwaka mmoja kabla yake, takwimu za wanawake zaidi ya 24,000 wa magharibi mwa Kenya zilionyesha jambo lilelile, kwamba mwenye kipandikizi na efavirenzi alipata mimba mara tatu zaidi ya mwenye kipandikizi na nevirapini. Jambo hili limeleta ugomvi katika ndoa. Mume anahesabu miezi, anamtazama mke kwa jicho la wasiwasi, kumbe dawa mbili ndizo zilizogombana. Sindano ya miezi mitatu haiathiriwi kwa namna hiyo na efavirenzi, na zipo njia nyingine zisizopita kwenye ini kabisa. Muulizeni mhudumu, wote wawili mkiwa pamoja.

Kuhusu kuziba mashine, kisa maarufu ni cha balungi. Mwaka 1989 huko Kanada watafiti walikuwa wanapima kama pombe inaathiri dawa moja ya presha, wakatumia maji ya balungi ili kuficha ladha ya ile pombe. Pombe haikuwa na habari kubwa. Habari kubwa ilikuwa kwenye tunda. Dawa ilipanda mwilini kupita matarajio, kwa sababu balungi liliziba mashine inayoikoboa. Dawa ya presha tunayoitoa sana, nifedipini, ni ya ukoo huohuo, na zipo dawa za kushusha mafuta kwenye damu zinazoathirika vilevile. Chungwa la kawaida halina tatizo hilo.

Kwa wenye pumu hatari iko karibu zaidi. Vidonge vya aminofilini bado vinapatikana, na mgonjwa wa pumu akipata kifua na kupewa sipro au erithromisini, aminofilini inaweza kujazana mwilini mpaka moyo ukaenda mbio, akatapika, hata akapata degedege. Sipro inazuia pia kahawa isitoke mwilini. Wazee wetu wa Kagera wenye mfuko wa kahawa ya kutafuna, mkijikuta mnatetemeka na kukosa usingizi katikati ya dozi ya sipro, mpunguze kutafuna mpaka dozi iishe.

Vidonge vya maumivu

Nikiulizwa mwingiliano upi unanitia wasiwasi kuliko yote, sitataja dawa yenye jina gumu. Nitataja vidonge vya maumivu. Vinauzwa kila mahali, vinapeanwa kama njugu, na watu wengi hawavihesabu kuwa dawa. Ukimuuliza mgonjwa anatumia dawa gani anasema hakuna. Ukimuuliza kama anameza kitu mgongo ukiuma, anatoa diklopa mfukoni.

Jihadhari kwanza na kurudufisha. Panadol ni parasetamoli. Diklopa ni diklofenaki pamoja na parasetamoli. Dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamoli ndani yake, za watu wazima na za maji za watoto. Mtu akimeza zote tatu kwa siku moja, amemeza parasetamoli mara tatu bila kujua. Mtu mzima mwenye afya asizidishe vidonge vinane vya miligramu 500 kwa siku nzima. Zaidi ya hapo ini linaungua, na linaungua kimyakimya kwa siku moja au mbili kabla ya dalili kuonekana. Kwa watoto, msipe dawa ya maji ya mafua na ya Panadol kwa pamoja bila kusoma kilichomo ndani.

Kisha kuna diklofenaki, ibuprofeni na asprini, ambazo ni ndugu wa damu. Ukichanganya mbili kati yao hupati nafuu mara mbili, unapata kidonda cha tumbo mara mbili. Mwenye kutumia prednisoloni akiongeza diklofenaki juu yake, tumbo linaweza kutoa damu. Dalili yake ni choo cheusi kama lami chenye harufu kali. (Vidonge vya kuongeza damu navyo hufanya choo kiwe cheusi, lakini hakinati wala hakinuki hivyo.) Na aliyepewa asprini ndogo ya kulinda moyo asifanye ibuprofeni kuwa rafiki wa kila siku, kwa sababu inaizuia ile asprini isifanye kazi yake.

Tumrudie sasa yule mzee wa presha. Kapewa enalaprili au losatani, na pamoja nayo dawa ya kukojoza. Hizo zinapatana vizuri. Lakini akiongeza diklofenaki ya mgongo kila siku, mambo matatu yanatokea. Diklofenaki inazuia chumvi na maji kutoka, kwa hiyo presha inapanda na miguu inavimba. Kliniki wakiona presha imepanda wanamwongezea dawa ya presha. Na figo, ambazo zinabanwa na dawa zote tatu kwa wakati mmoja, zinaanza kushindwa, hasa siku akiharisha au akitapika na mwili ukakauka. Hapo ndipo rufaa ya Bukoba au Chato inapoanza, na nauli, na kuuza mbuzi. Kwa mtu kama huyo, mgongo ukiuma, parasetamoli peke yake kwa kipimo chake ni salama zaidi, na ni bei ndogo.

Habbat sauda, asali na hijama

Hapa baadhi ya ndugu hukunja uso, wakidhani mtu wa hospitali amekuja kuibeza tiba ya Sunna. Sivyo. Hadithi juu ya habbat sauda inajulikana na kila mwanafunzi wa madrasa, na watafiti wa hospitali nao wameipima. Majaribio kadhaa yameonyesha kwamba ikitumiwa kila siku inashusha sukari na presha kwa kiasi fulani. Ni kwa sababu ina nguvu ndiyo maana inatakiwa itajwe mbele ya daktari. Mwenye kisukari anayemeza glibenklamaidi, akaongeza kijiko cha mafuta ya habbat sauda asubuhi na jioni, sukari yake inaweza kushuka kuliko ilivyokusudiwa. Akifunga juu yake, ndiyo zaidi. Na anayeichanganya na asali kwa wingi ajue kwamba asali ni sukari. Inaweza kumpandisha upande mmoja huku habbat sauda ikimshusha upande mwingine, na daktari anayesoma kipimo chake haelewi kinachoendelea.

Shubiri inayonywewa kusafisha tumbo huharisha na kupoteza madini ya potasiamu. Mtu wa moyo anayetumia dawa ya kukojoza naye anapoteza madini hayohayo, na moyo unaweza kukosa mpigo wake. Kitunguu saumu cha kwenye mchuzi hakina neno. Kile kinachosagwa na kunywewa kwa glasi kinaongeza wepesi wa damu, na mwenye kutumia warfarini au asprini atatoka damu kirahisi. Kwa sababu hiyo hiyo, anayekwenda kuumikwa amwambie mpiga hijama dawa zake kabla ya chale ya kwanza, na mpiga hijama mwenye elimu ataanza yeye kuuliza.

Mwaka 2011 nchi nzima ilielekea Loliondo, kijiji cha Samunge, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Wapo waliokunywa na kuendelea na vidonge vyao vya kisukari na ARV, wapo walioviacha kabisa. Kuhusu dawa yenyewe sina la kuongeza leo. Nataka tu ukumbuke swali ambalo kila mnywaji alitakiwa kuulizwa kabla ya kikombe: unameza nini kingine?

Meza ya futari

Ramadhani ina hali yake ya pekee. Dawa ambazo mwaka mzima zilikuwa zimegawanyika asubuhi, mchana na jioni, sasa zote zinasukumwa kwenye futari na daku. Vitu vilivyokuwa haviingiliani kwa kuwa vilipishana kwa saa nyingi vinajikuta vimemezwa kwa mkupuo mmoja. Mtu anafungua kinywa kwa tende na maziwa, anameza sipro yake, anakula, kiungulia kinamshika kwa sababu ya sambusa na kaimati, anatafuna magnesiamu, na papo hapo anakumbuka kidonge cha kuongeza damu. Sipro ya siku hiyo ameitupa.

Mwenye presha anayelundika dawa zote kwenye futari anaweza kuanguka kwa kizunguzungu akisimama kwenye tarawehe. Mwenye glibenklamaidi anayemeza dozi kamili wakati wa daku kisha akashinda bila kula, sukari inaweza kushuka mchana akiwa shambani, naye anaweza kujikaza akidhani ni uchovu wa saumu. Jasho la ghafla, kutetemeka, kuchanganyikiwa maneno: hapo saumu inakatwa na sukari inapewa mara moja, bila kusubiri adhana.

Dawa zenye kupangika zipo nyingi. Lakini upangaji ufanywe na kliniki mapema, mwezi wa Shaaban kwa uchache, na usifanywe na mgonjwa peke yake usiku wa kuamkia mwezi mosi. Na Dawa Mseto haipangiki kwa urahisi, kwani dozi ya pili inatakiwa saa nane baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, kila mara pamoja na chakula. Mwenye malaria ni mgonjwa, na ruhusa ya mgonjwa imo katika Suratul Baqara. Kama bado ana mashaka, amwendee sheikh akiwa na maelezo ya daktari mkononi.

Mfuko mmoja

Basi mama, shusha lile kopo juu ya kabati. Tafuta mfuko mmoja wa kitambaa. Tia humo kila kinachomezwa au kunywewa na mgonjwa, vya hospitali, vya duka, chupa ya mizizi, mafuta ya habbat sauda, vitamini, hata zile za Burundi zisizosomeka. Usivitoe kwenye pakiti zake. Vidonge vikishafungwa kwenye karatasi ya daftari, hakuna anayeweza kuvitambua, vyeupe vyote vinafanana. Kila unapokwenda kutibiwa, nenda na mfuko, na uuweke mezani kabla hujaulizwa. Mhudumu akiwa na haraka, sema: "Naomba utazame kama hii mpya inapatana na hizi."

Duka la dawa muhimu nalo lina wajibu wake. Maduka hayo yalianza kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003, yakaenea nchi nzima kuchukua nafasi ya maduka ya dawa baridi, ili aliye dirishani awe mtu aliyefundishwa. Una haki ya kumuuliza. Akikujibu "meza tu, haina shida" bila kutazama ulichonacho, ondoka uende kwingine. Dawa ya gulioni haina wa kuulizwa kesho.

Dawa zilizobaki za mtu mwingine zisimezwe, hata kama dalili zinafanana. Na tafadhali, asitokee mtu wa kuacha ARV, dawa ya kifua kikuu, ya presha au ya kifafa kwa sababu amesoma makala haya. Endelea nazo, na mfuko upeleke kliniki wiki hii.

Ikiwa baada ya kuanza dawa mpya mtu amepata vipele vyenye malengelenge au vidonda mdomoni, macho ya njano, choo cheusi kama lami, kuzimia, moyo kwenda mbio, au mkojo kupungua sana, asisubiri siku ya kliniki. Aende kituo cha afya siku hiyohiyo pamoja na pakiti zote, na amwombe mhudumu aijazie fomu ya madhara ya dawa inayopelekwa TMDA, mamlaka ambayo hadi mwaka 2019 ilijulikana kama TFDA. Fomu hiyo haina malipo, na hujazwa hata kama hakuna uhakika ni dawa ipi iliyoleta madhara.